Coaster ya kulala safarini: inveta yenye chaja ndani, au kila kimoja kivyake?

Asali_Tabora: Habarini wadau. Coaster nimeshang'oa viti, nimeweka kitanda na friji dogo. Msimu huu nikifuata asali Sikonge hadi Inyonga nataka nilale humo humo. Dukani kuna inveta (inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) yenye chaja ndani, ghali kidogo, au inveta na chaja mbalimbali. Jumamosi nalipa. Nichukue ipi?

FundiUjiji: Mkuu, hujasema betri ni za maji au lithiamu, ukubwa gani, wala friji linatumia volti ngapi. Hapo tutapiga ramli tu.

Asali_Tabora: Samahani. Betri mbili za maji, saizi N100. Friji ni la nyumbani, volti 230. Shemeji pia ana konveta ya gari la kulala kutoka Marekani, ile ya kuchajia betri kwa umeme wa ukutani, anasema atanipa bure.

Ndevu_Kaliua: Hiyo konveta soma kibandiko kwanza. Kule umeme wao ni volti 120. Kama haikuandikwa inapokea 230, usiichomeke.

Mama_Mwanga: Kaka, tenganisha. Kikifa kimoja, kingine kinaendelea. Ila chaja usiokote yoyote. Mimi nina mtumbwi wa dagaa hapa Kigoma, betri za taa nachajia nyumbani. Nilinunua chaja ya bei chee, nikaichomeka asubuhi nikashuka mwaloni. Narudi mchana, chumba kinanuka mayai viza, betri imevimba ubavu, maji yanatokota ndani kama uji. Kanga niliyoianika juu yake ilikuwa na matundu matundu ya asidi. Nikazima kwenye soketi, nikafungua madirisha, moto sikuwasha, maana ile hewa ikipata cheche inalipuka. Fundi alipoipima ile chaja, ilikuwa inasukuma volti 15.8 bila kushuka. Betri ya miezi miwili ikaishia hapo, na ilikuwa giza la mwezi, siku zenyewe za dagaa. Vijana wangu walilala nyumbani. Uliza dukani: betri ikijaa, chaja inashuka yenyewe toka volti 14.4 hadi kama 13.6? Muuzaji akibabaika, ondoka.

Ndevu_Kaliua: Pole sana mama. Mimi lakini ningeuza hizo za maji, ninunue lithiamu. Ya maji ukiishusha chini ya nusu kila siku haikai.

FundiUjiji: Lithiamu ukiiunga moja kwa moja na otaneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka, inavuta umeme mwingi mpaka otaneta inaungua. Lazima chaja ya kati, kati ya otaneta na betri. Umemhesabia na hiyo?

Ndevu_Kaliua: Nimehesabu. Bado anapata faida.

Mama_Mwanga: Kwani friji la nini? Sanduku la barafu linatosha, sisi migebuka tunaisafirisha hivyo.

Asali_Tabora: Mama, friji ni la dawa ya sukari ya mke wangu, tunasafiri wote. Barafu Inyonga sina uhakika nayo.

FundiUjiji: Basi chukua inveta ya wimbi safi (pure sine wave, umeme wake unafanana na wa nyumbani), waya mnene, fyuzi karibu na betri. Lakini ngoja, Coaster nyingi za dizeli ni volti 24. Hizo N100 mbili ndizo zinazowasha gari?

Asali_Tabora: Ndizo hizo hizo.

FundiUjiji: Usilipe Jumamosi, inveta na chaja lazima zilingane na volti za betri, na friji likimaliza hizo, gari haliwaki. Piga picha jinsi zilivyounganishwa, uweke hapa.

Asali_Tabora: Gari liko kwa fundi wa bodi, nitapiga kesho.

Ndevu_Kaliua: Mama Mwanga, migebuka mikavu unatuma hadi Kaliua kwa treni?