Tupeane uzoefu: uliwahi kunyamazishwa chuoni, au kujinyamazisha mwenyewe?

Chaki Nyeupe (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa chuo kikuu. Visa vikubwa tunavijua. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), bango moja likidai afadhali ukoloni. Mwalimu Nyerere akawatimua zaidi ya 300, na papo hapo akakata mishahara ya vigogo, wake ukiwemo. Mwaka 1970 jarida la wanafunzi, Cheche, likapigwa marufuku. Hayo yameandikwa.

Yasiyoandikwa ni madogo: mada ya tasnifu iliyokataliwa kwa mdomo tu, kongamano lililokosa ukumbi saa za mwisho. Darasani kwangu niliwapa vijana kazi ya kuchambua sera ya maji. Insha zilikuwa kali, zinapendeza. Siku ya semina, kimya. Mmoja akanifuata ofisini: "Mwalimu, mle ndani huwezi kujua nani ni nani. Mimi nasoma kwa boom, mkopo wa serikali." Iliniuma sana. Hakuna aliyemtisha kijana yule, ila alishapiga hesabu zake.

Leteni yenu. Majina ya watu na vyuo tuyaache.

Desa la Zamani
Mimi ni yale mambo ya Sheria ya Takwimu. Marekebisho ya 2018 yalifanya kuwa jinai kuchapisha takwimu zinazopingana na za serikali. Nilikuwa shahada ya pili, nataka kupima kipato cha kaya za wavuvi. Msimamizi wangu alikuwa mtu mwema, si mwoga. Aliniita, akafunga mlango, akasema, "Ukipata namba tofauti na za taifa, nani atakutetea?" Nikabadili, nikaandika kuhusu mitazamo ya wavuvi juu ya elimu ya ujasiriamali. Nilifaulu vizuri tu. Mwaka 2019 kifungu kile kikalegezwa, lakini dodoso langu la kwanza bado liko kwenye flashi, halijawahi kuulizwa kwa mtu yeyote. Wavuvi wale hawajui kwamba kuna swali walinyimwa.

Sampuli
Sisi ulikuwa mdahalo wa katiba. Ukumbi tumeulipia, wageni wako njiani, asubuhi tunaambiwa kuna "matengenezo". Tukaenda chini ya mwembe. Mafundi hatukuwaona.

Dada wa Sheria
Naomba niseme upande ambao haupendwi. Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kulikuwa na Punch, maandishi na michoro ya ukutani isiyo na jina la mwandishi. Wazee wanaisifia kwamba iliwasema wakubwa. Ni kweli, ila iliwaandama pia wasichana, na mwaka 1990 mwanafunzi mmoja wa kike alijiua baada ya kusakamwa. Chuoni kwetu miaka ya karibuni ilikuwa akaunti ya Telegramu. Nikigombea uongozi, kila hoja niliyoitoa ilijibiwa kwa picha yangu iliyochezewa. Wenzangu wawili walijitoa. Nilipolalamika nikajibiwa kwamba huo ni uhuru wa maoni. Uhuru wa nani? Mwisho wa kampeni sauti za wanawake kwenye mdahalo zilikuwa zimekwisha, na hakuna mkuu wa chuo aliyetoa amri. Kwenye uzi huu nasi tuhesabiwe kuwa tulinyamazishwa.

Komredi wa Nyeri
Salamu kutoka Kenya. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa zaidi ya mwaka mzima. Hata kabla ya jaribio hilo wahadhiri kina Willy Mutunga na Alamin Mazrui walikuwa wameshawekwa kizuizini, naye Maina wa Kinyatti akafungwa miaka 6 kwa madai ya kukutwa na karatasi ya uchochezi. Mjomba alikuwa mwanafunzi wakati huo. Nyanya yangu, ambaye hakujua kusoma, alichukua madaftari yake yote akayatia mekoni, kwa sababu hakuweza kubagua lipi ni la hatari. Mjomba hakumlaumu. Ila hata leo akiandika kitu, ataandika ukurasa mmoja, ausome, kisha auchane. Sisi watoto tulidhani ndivyo wasomi wanavyofanya.

Chaki Nyeupe
Dada wa Sheria, umehesabiwa. Wanaonyamazisha si wakubwa tu, ni wenzetu pia. Komredi, Katiba yenu ya 2010, ibara ya 33, inautaja uhuru wa taaluma kwa jina. Yetu ya Tanzania, ibara ya 18, inalinda uhuru wa maoni kwa jumla. Wanataaluma wetu walitoa Azimio la Dar es Salaam mwezi wa Aprili 1990, na Novemba mwaka huo likafuata la Kampala. Yasomeni, hata kama hayana nguvu ya sheria. Kwa mnaosoma sasa: mada ikikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Nimeshuhudia "hapana" nyingi za mdomo zikigeuka "endelea" baada ya kuombwa barua.

Desa la Zamani
Barua hiyo naielekeza kwa msimamizi au idarani? Nataka kurudi na lile dodoso kwa PhD.

Chaki Nyeupe
Mkuu wa idara, kupitia kwa msimamizi, nakala kurugenzi ya uzamili. Ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa. Dodoso nitumie PM, nilipitie wikiendi hii.