Mrejesho: taa za dari zilizokuwa haziangazi sasa zinaangaza

Ndugu wataalamu, nawaletea mrejesho wa swali langu kuhusu taa za dari za ofisi, ambazo katika programu ya kusanifu majengo zilionekana vizuri kwenye mchoro, lakini kila picha ya chumba ilipotolewa na programu, chumba kilibaki giza totoro.

Tatizo limekwisha. Ushauri wa kuchora mkato wa wima unaopita katikati ya taa ndio uliofichua chanzo chake: faili la taa lililotoka kwa msambazaji lilikuwa na kitovu cha mwanga (nukta ambayo programu huanzishia mwanga) juu ya kifuniko, na kifuniko chenyewe kilikuwa kimepangiwa plastiki isiyopitisha mwanga. Nilikishusha kitovu hicho hadi milimita 20 chini ya kifuniko, nikaacha lumeni 3600 (kiasi cha mwanga unaotoka kwenye taa) na kelvini 4000 (rangi ya mwanga) kama zilivyokuwa, na chumba kikaangaza mara moja.

Walioshauri kuongeza lumeni nawashukuru kwa dhati, ila naona njia hiyo ni ya hatari, kwa sababu namba hiyohiyo ndiyo inayotumika kukokotoa laksi, yaani mwanga unaofika juu ya meza, na meza ya kusomea na kuandikia ofisini inahitaji laksi 500 za kweli. Kigezo cha upotevu wa mwanga nimekiacha 0.8, yaani hesabu ichukue asilimia 80 tu ya mwanga wa taa, kwa ajili ya vumbi na uchakavu wa taa.