Msaada wa haraka: tovuti inadai vidakuzi vimezimwa, nimeviwasha na bado inanirudisha mwanzo

Mkeka_Mpya

Wakuu, habari za wakati huu. Niende moja kwa moja kwenye shida maana muda unanibana.

Mdogo wangu anaomba nafasi ya masomo na maombi yote yanafanyika mtandaoni. Mwisho wa kutuma ni kesho saa sita usiku. Kiungo cha fomu alitumiwa na wenzake kwenye kundi, akakigusa, ukurasa ukafunguka, akajiandikisha vizuri kabisa. Shida ikaanzia kwenye kuingia. Anaandika barua pepe, anaandika neno la siri, anabonyeza Ingia. Kiduara kinazunguka, ukurasa unakuwa mweupe kwa sekunde mbili hivi, halafu anarudishwa palepale pa kuingilia, visanduku vitupu, na juu kuna mstari mwekundu: "Kivinjari chako hakipokei vidakuzi. Tafadhali viwashe kisha ujaribu tena."

Nikachukua simu mwenyewe (Android). Nimeingia Chrome, nimepekua mipangilio hadi nikaviona vidakuzi, nimeruhusu kila kinachoruhusika. Nimezima simu nikaiwasha. Nikarudi kwenye lile kundi nikagusa kiungo upya, hali ni ileile. Hata kile kibao kinachotokea chini kuuliza kama unakubali vidakuzi nimekibonyeza Kubali Vyote zaidi ya mara kumi, na kila ukurasa ukifunguka kinauliza tena.

Neno la siri si tatizo, tumelibadilisha mara mbili. Anahangaika na hii fomu tangu asubuhi na sasa hivi amekaa pembeni yangu kimya tu. Naombeni msaada, hivi vidakuzi vinawashwa wapi hasa? Natanguliza shukrani.

Swichi_Mbili

Pole sana mkuu. Futa historia yote ya kivinjari, vidakuzi na kila kitu, halafu fungua hiyo fomu kwa Hali Fiche (Incognito), lile dirisha lisilotunza historia. Mimi huwa inanisaidia.

Pwani_Tulivu

Nafuatilia uzi, nina shida kama hii kwenye iPhone.

Fundi_wa_Zamu

Mkeka, kabla hujafuta chochote subiri kidogo. Ukifuta vidakuzi vyote utatolewa kwenye kila akaunti uliyoingia kwa kivinjari hicho, na kama kuna neno la siri hukumbuki utakuwa umeongeza shida ya pili juu ya ya kwanza.

Nijibu swali moja tu. Ukigusa kiungo pale kwenye kundi, ukurasa unafungukia ndani ya programu ileile ya kuchati au unahamia Chrome kabisa?

Nauliza kwa sababu ya kitu ulichokisema karibu na mwisho wa maelezo yako. Kile kibao cha Kubali Vyote hakiwashi vidakuzi kwenye kivinjari. Ni tovuti inaomba ridhaa yako, na vimeenea hivi kwa sababu ya sheria za Ulaya, hasa baada ya ile ya kulinda data iliyoanza kutumika Mei 2018. Jibu unalotoa pale linahifadhiwa ndani ya kidakuzi (cookie), yaani kipande kidogo cha maandishi ambacho tovuti inakiacha kwenye kivinjari chako. Kibao kikirudi kila ukurasa, maana yake kidakuzi cha jibu lako hakikai. Kwa hiyo tovuti inasema kweli: mahali hapo unapoifungulia, vidakuzi havipokelewi. Sasa tujue ni mahali gani.

Mkeka_Mpya

Inafungukia ndani ya ile programu. Nikirudi nyuma najikuta kwenye mazungumzo ya kundi. Sikuwa nimeliangalia hilo kabisa.

Fundi_wa_Zamu

Basi hapo ndipo penye tatizo. Programu nyingi za kuchati na za mitandao ya kijamii zina kivinjari chao cha ndani, na hicho kina hifadhi yake ya vidakuzi na masharti yake. Ulichobadilisha kwenye Chrome hakikihusu. Umefungua mlango wa nyumba moja, halafu unasubiri kuingia nyumba ya jirani.

Fanya hivi: bonyeza kiungo kwa muda mrefu bila kuachia, nakili, funga programu ya kuchati. Fungua Chrome yenyewe, bandika anwani juu, ingia.

Na kama kuna barua pepe ya kuthibitisha akaunti, kiungo chake nacho kifungulie humohumo Chrome. Watu wengi wanajiandikisha kwenye kivinjari hiki, wanathibitisha kwenye kingine, tovuti inawaona kama watu wawili.

Mkeka_Mpya

Fundi, ubarikiwe! Tumeingia! Jina lake limetokea juu na kurasa tatu za mwanzo tumejaza.

Lakini hatujamaliza. Ukurasa wa nne unataka picha ya kitambulisho. Katikati ya ukurasa kuna kisanduku cha kupakia, na ndani ya kisanduku kile tu kimeandikwa kwa herufi ndogo za kijivu kwamba vidakuzi vimezuiwa. Sehemu nyingine zote za ukurasa ziko sawa, jina bado linaonekana. Inawezekanaje vidakuzi viwepo na visiwepo kwenye ukurasa mmoja?

Karani_wa_Data

Inawezekana, tena ni kawaida. Niruhusu nieleze kidogo, maana ukielewa hiki hutahangaika tena.

Mawasiliano kati ya kivinjari na tovuti hayana kumbukumbu. Kila ukurasa unaoomba, kwa kompyuta ya upande wa pili wewe ni mgeni mpya. Mwaka 1994 kijana mmoja wa kampuni ya Netscape, Lou Montulli, alikuwa kwenye kazi ya duka la mtandaoni ambalo wenyewe hawakutaka kompyuta zao zibebe kumbukumbu za manunuzi yasiyokamilika. Akaamua kumbukumbu hiyo ikae kwa mteja. Tovuti inakupa mstari mmoja wa maandishi, mathalani kikao=7f3a91c, kivinjari kinautunza, na kila ukirudi kinaurudisha vilevile bila kubadilisha herufi. Ndipo tovuti inasema, kumbe ni yule wa dakika iliyopita. Ni kitu kidogo sana: vivinjari vingi vinakomea baiti 4,096 hivi kwa kidakuzi kimoja.

Ndiyo maana mdogo wako alikuwa anarudishwa mwanzo. Neno la siri lilikubaliwa, tovuti ikatoa ule mstari, kivinjari cha ndani ya programu hakikuutunza. Ukurasa uliofuata ukamuuliza tena yeye ni nani.

Sasa kisanduku chako cha picha. Inaelekea si cha tovuti ya fomu. Ni cha kampuni nyingine inayofanya kazi ya kukagua vitambulisho, kimepachikwa tu pale katikati. Kidakuzi chake kinatoka anwani tofauti na ile iliyo juu kwenye kivinjari, na ndicho kinachoitwa kidakuzi cha washirika wengine. Vivinjari vinaruhusu vya mwenye tovuti na kuzuia vya wageni, na kila kimoja kina msimamo wake. Safari, kivinjari cha iPhone, inazuia vya wageni vyote tangu Machi 2020. Firefox, tangu Juni 2022, inavitenga ili kila tovuti iwe na chombo chake cha vidakuzi. Chrome ilitangaza mwaka 2020 kwamba itaviondoa, ikasogeza tarehe mara kadhaa, na Julai 2024 ikaacha mpango huo, hivyo kwa kawaida kwenye Chrome vinapita.

Hapo ndipo ninaposhangaa. Unasema uliruhusu kila kitu. Kwa nini Chrome yako inazuia?

Mkeka_Mpya

Karani asante, nimeelewa vizuri sana. Mipangilio nimeangalia tena sasa hivi, imeandikwa ruhusu. Labda niseme kitu kimoja: nilipobandika kiungo nilifuata na ushauri wa Swichi_Mbili, nikafungua kwenye Hali Fiche.

Karani_wa_Data

Ndiyo hiyo. Hali Fiche ya Chrome inazuia vidakuzi vya washirika wengine bila kukuuliza. Vya tovuti yenyewe inavipokea, ndiyo maana mmeingia, ila navyo vinafutwa ukifunga madirisha yote ya Hali Fiche. Msifunge kwanza! Kama kuna kitufe cha Hifadhi kwenye fomu kibonyezeni, kisha fungueni dirisha la kawaida mwingie upya.

Swichi_Mbili

Samahani Mkeka, nilikupa ushauri ambao kwangu ulifaa kwa sababu ya kidakuzi kilichoharibika. Sikujua hilo la washirika wengine.

Fundi_wa_Zamu

Swichi, ushauri wako una mahali pake. Kidakuzi cha zamani kinaweza kumrudisha mtu mwanzo vilevile, na Hali Fiche ni kipimo kizuri: ukiingia huko na ukashindwa kwenye dirisha la kawaida, kosa liko kwenye vilivyohifadhiwa. Ila kufuta vyote hakuna haja. Kwenye Chrome nenda Mipangilio, Mipangilio ya Tovuti, fungua orodha ya tovuti zote, tafuta hiyo moja, futa data yake peke yake.

Jicho_Makini

Mimi niseme tofauti kidogo. Vidakuzi ni hatari jamani, ndivyo vinavyoiba maneno ya siri na kuleta virusi kwenye simu. Mimi nimezima vyote na ninaishi vizuri.

Mwangaza_wa_Pili

Jicho, hofu yako naielewa, lakini tuiweke mahali pake. Kidakuzi ni maandishi. Hakifanyi kazi kama programu, hakifungui faili zako, hakiwezi kuwa kirusi. Hatari ipo ya namna nyingine: ule mstari wa kikao ndio uthibitisho kwamba umeshaingia, kwa hiyo mtu akiuchukua anaingia kwenye akaunti bila hata kuulizwa neno la siri. Ndiyo maana kwenye kompyuta ya watu wengi ni lazima ubonyeze Ondoka ukimaliza. Kufunga tu dirisha hakutoshi.

Na vya washirika wengine vina shida yake ambayo mimi binafsi inanikera. Kampuni moja ya matangazo ikipachikwa kwenye tovuti mia, kidakuzi chake kilekile kinakuona kote mia. Nimevizuia kwenye vifaa vyangu vyote na sijutii. Ninachowasihi: ikitokea kazi kama ya mdogo wake Mkeka, msifungulie dunia nzima. Ruhusuni tovuti moja. Kwenye Chrome ya kompyuta kuna alama ya jicho lililokatwa mstari, inatokea upande wa kulia wa sehemu ya anwani tovuti inapozuiwa. Bofya pale, ruhusu kwa tovuti hiyo, ukurasa utajipakia upya. Kwenye simu gusa alama ndogo iliyo mwanzoni mwa anwani, uruhusu humo. Firefox kuna ngao kushoto mwa anwani, unazima ulinzi kwa tovuti hiyo moja. Na humo humo Firefox angalieni kama hamjaweka tiki kwenye kufuta vidakuzi kila mnapokifunga. Nimeona watu wengi wakilalamika kuwa wanatolewa kila siku, kumbe ni tiki hiyo.

Anayezima vyote kabisa, hata vya mwenye tovuti, hawezi kubaki ameingia karibu popote. Kikapu cha ununuzi kitakuwa kitupu kila ukigeuka, na lugha uliyochagua itapotea ukurasa unaofuata.

Pwani_Tulivu

Mwangaza, na sisi wa iPhone? Safari inaniambia vilevile, vidakuzi vimezimwa, na sioni pa kuviwasha.

Mwangaza_wa_Pili

Pwani, kwa Safari swichi haiko ndani ya Safari yenyewe, ndiyo maana huioni. Fungua Mipangilio ya simu. Kuanzia iOS 18 gusa Programu, kisha Safari. Kwenye simu za nyuma kidogo Safari iko kwenye orodha ya Mipangilio moja kwa moja. Shuka hadi chini kabisa, sehemu ya mipangilio ya kina, utakuta swichi ya kuzuia vidakuzi vyote. Ikiwa imewaka ndiyo umevizuia, hivyo izime. Hapo panachanganya wengi, wanaona swichi imezimwa wanadhani vidakuzi vimezimwa, wanaiwasha.

Kama ilikuwa imezimwa tayari na bado unasumbuliwa, kuna swichi nyingine ya kuzuia ufuatiliaji wa tovuti hadi tovuti. Izime, kamilisha kazi yako, uirudishe. Mimi ningeirudisha.

Pwani_Tulivu

Ilikuwa imewaka! Nimeizima, imekubali. Asante sana.

Mkeka_Mpya

Wakuu, mrejesho.

Tumeifungua kwenye dirisha la kawaida la Chrome, tukaingia upya. Kurasa tatu tulizohifadhi zilikuwepo zote. Ukurasa wa nne, kisanduku cha picha kikafunguka, kikaomba ruhusa ya kamera, tukapiga kitambulisho mbele na nyuma. Mara ya kwanza picha ilikataliwa kwa sababu ya mng'ao wa taa, ya pili ikapita. Tumetuma na barua pepe yenye namba ya maombi imeshafika.

Fundi, Karani, Mwangaza, hamjui mmetufanyia nini leo. Swichi, usijali kabisa ndugu yangu, ulinijibu wa kwanza nikiwa sijui pa kuanzia.

Kwenye lile kundi lao nimeandika kwamba wanakili kiungo wafungulie kwenye kivinjari cha kawaida, wasikiguse palepale. Wawili wameshajibu kwamba na wao walikuwa wanarudishwa mwanzo. Na kile kibao cha Kubali Vyote safari hii kimetokea mara moja tu.