Wauzaji wa rangi za unga za mbao, mtatuuzia vifuko visivyo na jina hadi lini?

Heshima kwenu wanajamvi. Nina karakana ya samani hapa Dar es Salaam, na malalamiko yangu yanawahusu wafanyabiashara wanaotuuzia mafundi rangi za unga za kutia kwenye mbao. Unakwenda dukani, unaomba rangi ya mninga au nyeusi ya kufananisha na mpingo, na muuzaji anachota kwa kijiko kutoka kwenye ndoo isiyo na maandishi, anapima, anafunga kifuko, anapokea fedha. Kifuko hicho hakina jina la rangi wala la kiwanda, hakielezi kama unga huo huyeyuka katika maji, katika spiriti au katika mafuta, na hakisemi lolote kuhusu jua. Ukiuliza, jibu ni lile lile, nami nimelipata katika maduka zaidi ya moja: "Fundi, hiyo ni rangi ya mbao, weka maji, weka tina, yote sawa." Si sawa hata kidogo, na anayejibu hivyo ama hajui anachouza au anajua na hajali.

Asiyekuwa wa kazi hii anaweza kudhani ninakuza jambo dogo, kwa hiyo naomba nieleze. Rangi ya kawaida ya kopo ni chembe ngumu zilizosagwa na kuelea katika kimiminika, ndiyo maana ukiliacha kopo kwa muda chembe hutuama chini na huna budi kukoroga. Rangi ya unga ninayoizungumzia huyeyuka kabisa, ikazama ndani ya nyuzi za mbao na kuiacha mishipa yake ionekane wazi, na kwa sababu hiyo fundi anayethamini sura ya mbao hawezi kuilinganisha na ile inayofunika kila kitu. Lakini kilichoyeyuka mara ya kwanza kinaweza kuyeyuka tena pale kitakapokutana na kile kilichokiyeyusha. Rangi ya maji ikishakauka vizuri, unaweza kupuliza juu yake sanding sila (tabaka la kuziba vinyweleo vya mbao kabla ya vanishi) na vanishi ya tina bila rangi kusogea. Ukipaka juu yake vanishi ya maji kwa brashi, rangi inaamka na kufuata brashi. Rangi ya spiriti nayo hukaa salama mpaka utakapoipaka polishi ya shelaki (utomvu unaotolewa na wadudu) iliyoyeyushwa kwa spiriti, na hapo itapanda juu na kuacha mistari na madoa ambayo msasa hauwezi kuyaondoa bila kula mbao. Kazi yote ya kupanga tabaka, ipi itangulie na ipi ifuate, inategemea kujua unga ule ni wa aina gani. Taarifa hiyo hiyo ndiyo wanayotunyima.

Chukueni unga mweusi. Nigrosini, ambayo ni miongoni mwa rangi nyeusi za zamani katika kazi ya mbao na ngozi, ipo ya aina tatu: ya maji, ambayo katika faharasa ya kimataifa ya rangi hutajwa kwa jina la Acid Black 2, ya spiriti, inayoitwa Solvent Black 5, na ya mafuta na nta, Solvent Black 7. Kwa macho zote tatu ni unga mweusi tu, na hakuna fundi, hata awe na uzoefu wa miaka mingapi, anayeweza kuzitofautisha kwa kuzitazama ndani ya kifuko. Ya mafuta ukiitia katika maji inaelea juu kama masizi. Afadhali hiyo, kwa sababu inakuonyesha mapema kwamba umeuziwa kisichofaa. Mbaya zaidi ni ile inayoyeyuka nusu, ikakupa maji yenye rangi ya kuridhisha huku punje zake zikikusubiri kwenye brashi, nawe unagundua mistari myeusi baada ya kumaliza mlango mzima wa kabati.

Lililonifanya niandike leo ni viti vya chakula nilivyomtengenezea mteja kwa paini. Nilinunua unga wa kahawia iliyoelekea wekundu, nikaambiwa ni rangi maalumu ya mbao kutoka nje, nikaupaka, ukakolea vizuri, nikapuliza sila na vanishi. Wiki chache baadaye mteja alinipigia simu akiwa na kanzu nyeupe iliyoingia wekundu mgongoni na makalioni, baada ya kukaa kwenye kiti changu siku ya joto. Mzee yule hakunitukana, na kusema kweli ningeona heri anitukane. Nililipa kanzu, nikavirudisha viti karakana, nikavikwangua hadi mbao mpya. Niliporudi dukani na kuminya ukweli, kijana wa dukani alikiri kwamba ndoo ile ni ya rangi zile zile wanazouziwa akina mama wanaosuka mikeka.

Sina dharau na rangi za mikeka. Ukindu huchemshwa pamoja na rangi kwenye sufuria, na kwa kazi hiyo rangi zile zina mng'ao ambao hauna mfano. Tatizo ni kwamba nyingi kati yake ni za kundi linaloyeyuka katika maji na katika spiriti pia, kwa hiyo muuzaji anaposema "weka maji, weka tina" anakuwa amesema kweli kwa namna mbaya kuliko zote: rangi inayokubali kila kiyeyusho ndiyo inayochuja katika kila tabaka unaloweka juu yake, na hatimaye katika jasho la mtu. Isitoshe, kundi hilo linajulikana kwa udhaifu wake mbele ya mwanga. Kila aliyewahi kuanika mkeka barazani anafahamu jinsi zambarau na waridi vinavyotoweka wakati ukindu wenyewe ungali mzima. Katika mkeka watu wamelizoea hilo na bei inalijua. Mtu aliyenunua kabati la nguo kwa fedha alizozikusanya mwaka mzima hakukubaliana na mtu yeyote kwamba ubavu unaoelekea dirisha utapauka na kuwa wa rangi ya chungwa bovu.

Kuhusu jua, kipimo kipo, na si siri. Viwanda vya rangi duniani hupima uimara mbele ya mwanga kwa kulinganisha na vitambaa vya sufu vilivyotiwa rangi ya bluu, kuanzia daraja la 1, ambalo hupauka haraka sana, hadi la 8. Kiwanda kinachojiheshimu huandika namba hiyo kwenye karatasi ya bidhaa yake. Kwa ujumla rangi za maji zilizotengenezwa kwa ajili ya mbao hustahimili mwanga kuliko za spiriti za kawaida, na zile zenye atomi za metali ndani ya molekuli zake hustahimili zaidi, ingawa hakuna rangi ya unga isiyopauka kabisa. Nikijua namba, ninaweza kumwambia mteja kitanda kinafaa kuwekwa wapi, au kumkatalia rangi fulani kwa mlango wa nje. Bila namba ninabaki kuapa kwa mambo nisiyoyajua, na mimi si mtu wa kuapa ovyo.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalisemi. Rangi za unga huchanganywa na chumvi au dekstrini (unga utokanao na wanga) kiwandani ili nguvu yake iwe sawa katika kila shehena, na hilo ni la kawaida. Lisilo la kawaida ni kifuko kinachonunuliwa mwezi huu kuwa na nguvu nusu ya kile cha mwezi uliopita. Mimi huanza na gramu 15 kwa lita moja ya maji ya moto yaliyochujwa, katika chombo cha plastiki au kioo, na kwa rangi isiyochezewa kipimo hicho hunipa kahawia ya kati. Siku hizi nalazimika kuongeza unga maradufu, na ubao ukikauka unaota ukungu mweupe juu, ambao ukiugusa kwa ulimi ni chumvi tupu. Vanishi ikipita juu ya chumvi ile haishiki, inabambuka. Rangi ilipotoka kiwandani ilikuwa na nguvu yake. Kati ya kiwandani na kifuko changu kuna mtu ameongeza kitu.

Wapo watakaosema fundi mzuri hujaribu kwanza kwenye kipande. Ninajaribu, kila mara. Kipande cha majaribio kitanionyesha rangi ikoje leo, lakini hakitanionyesha itakuwaje baada ya miezi sita ya jua la alasiri, wala hakitaniambia nini kimo ndani ya vumbi linalopaa ninapofungua kifuko. Hili la vumbi linanitia hofu kuliko mengine. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeziweka rangi zinazogeuka mwilini kuwa kemikali iitwayo benzidini katika kundi la kwanza, yaani zinazojulikana kusababisha saratani kwa binadamu, na Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2002 kuzizuia rangi za azo (kundi kubwa la rangi za viwandani) zinazoachia kemikali za namna hiyo katika nguo na ngozi zinazogusa mwili. Sisemi kwamba unga wa ndoo ile ni wa aina hiyo. Ninasema kwamba kwa sababu hauna jina, hakuna anayeweza kunihakikishia kuwa sio, na vijana wanaojifunza kazi kwangu wanaupumua. Hapa nchini Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ipo tangu 2003, kwa hiyo asije mtu kusema biashara ya kemikali haina utaratibu.

Nawageukia kidogo mafundi wenzangu, maana uovu huu una wateja wake. Paini ya Sao Hill ni mbao halali, na kuitia rangi si dhambi; ni ngumu tu, kwa sababu sehemu laini ya pete hunywa rangi nyingi kuliko sehemu ngumu na kutoa mabaka, na asiyeipaka kizuizi chepesi kabla ya rangi ataaibika. Ila anayeitia unga wa wekundu kisha akaiuza kwa jina na bei ya mninga anamwibia mteja, naye ndiye anayependa sana vifuko visivyo na maandishi, kwa kuwa hahitaji rangi idumu kuliko safari ya kutoka Keko, kwenye maduka ya samani, hadi nyumbani kwa mnunuzi. Wauzaji wanamsikiliza huyo kwa sababu halalamiki. Sisi tunaolalamika tunaitwa wasumbufu.

Ninachotaka si kikubwa. Kifuko kiandikwe jina la rangi kama lilivyo kwenye faharasa, kiyeyusho chake, uzito halisi, daraja la mwanga na onyo la vumbi. Maandishi hayo huletwa na kiwanda pamoja na bidhaa, kwa hiyo kazi ya muuzaji ni kunakili tu. Wauzaji najua mmo humu, basi jibuni: lebo ya ndoo ilikwenda wapi?

Na kama kuna mwanajamvi anayelijua duka linalouza unga wa maji wa mbao ukiwa katika kopo la kiwanda lenye lebo, iwe Dar, Arusha au hata Mombasa, aandike hapa jina la rangi na bei ya gramu 100. Nina meza na viti sita vilivyokwanguliwa vinavyosubiri.