Maneno ya Kiingereza ya kuruka na kupanda ghafla: lipi litumike wapi?

Mhariri wa Zamu:

Habari zenu wanajamvi. Kazi yangu ni kutafsiri habari za sayansi na uchumi kutoka Kiingereza, na kila siku nakutana na maneno ambayo kamusi ninayoitumia huyafasiri yote kuwa “kuruka” au “kupanda”: launch, lift off, blast off, take off, soar, surge, skyrocket na spike. Mwandishi wa Kiingereza huyachagua kwa makusudi, lakini yakifika katika Kiswahili changu yanakuwa kitu kimoja, na msomaji anakosa habari iliyokuwa imebebwa na neno lenyewe. Naomba wenye ujuzi mnieleze yanatofautianaje hasa, na ninyi mnayatafsirije.

Mwalimu Mstaafu:

Ndugu Mhariri, anza kwa kujiuliza ni nani anayesukuma. “Launch” lina mtendaji: kuna anayerusha na kuna kinachorushwa. Asili yake ni kitenzi cha Kifaransa cha kale cha kurusha mkuki, na maana hiyo ya kutupwa kwa nguvu haijalitoka hadi leo. Kwa hiyo setilaiti ya Uhuru, ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa uchunguzi wa eksirei zitokazo angani, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Kuandika kwamba “iliruka” ni kuwafuta waliofanya kazi hiyo.

“Lift off” halimtaji mtendaji. Linataja nukta ile ambayo chombo kinaachana na ardhi, na wanaanga huitenganisha nukta hiyo na mambo yaliyoitangulia. Tarehe 16 Julai 1969, injini za roketi iliyobeba Apollo 11, chombo kilichowapeleka watu mwezini, ziliwashwa takribani sekunde tisa kabla ya kuondoka, huku vishikizo vya chuma vikiikamata roketi chini mpaka nguvu ya injini itimie. Vilipoachia, ndipo roketi ilipoinuka. Sekunde zile za kuungurumia chini zimo ndani ya “launch”, lakini bado si “lift off”. Mimi huandika “kuacha ardhi”, maana “kupaa” huchukua safari nzima ya kwenda juu.

“Blast off” lina kishindo ndani yake na huwafaa zaidi waandishi wa hadithi kuliko wahandisi. “Take off” ni la ndege, ambayo hukimbia kwanza ndipo ikaruka, na pia la biashara iliyoanza kushika kasi.

Mwana wa Bandari:

Naongeza moja tu kwa Mwalimu. Chombo cha majini hakirushwi wala hakizinduliwi: sisi wa pwani tunasema kushua. Jahazi likikamilika, mafundi husubiri maji ya bamvua, yaani bahari inapojaa kupita kawaida, kisha watu hulivuta kwa kamba hadi lielee. Kiingereza hutumia “launch” kwa jahazi, kwa roketi, kwa kitabu kipya na hata kwa vita, ilhali Kiswahili kinatenganisha: kushua, kurusha, kuzindua na kuanzisha. Nimewahi kusoma habari iliyosema jeshi “limezindua mashambulizi”, kana kwamba kulikuwa na mgeni rasmi wa kukata utepe. Kosa kama hilo halisameheki katika habari ya watu kuuawa.

Mhariri wa Zamu:

Nawashukuru sana. Mwalimu, hoja ya mtendaji imenifungua macho. Sasa vipi kuhusu bei na takwimu, ambako hakuna anayeonekana akisukuma?

Mchambuzi wa Masoko:

Huko swali linabadilika: kilichopanda kinabaki juu au kinarudi chini? “Spike” ni ncha kali kwenye mchoro, yaani kupanda ghafla na kushuka. Bei ya mafuta ghafi ya Brent, yanayotumika kama kipimo cha bei ya mafuta duniani, ilivuka dola 120 kwa pipa mwezi Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, lakini kufikia mwisho wa mwaka ilikuwa chini ya dola 90. Anayeandika kwamba bei “ilipaa” mwaka ule, akaishia hapo, amemwachia msomaji nusu ya habari. Aandike kwamba ilipanda ghafla kisha ikashuka.

“Soar” ni la tai aliyetulia juu bila kupiga mbawa, na hapo ndipo “kupaa” linapokaa vizuri. “Surge” lina wimbi ndani yake: kitu kinakuja kwa wingi na kwa msukumo, kama wagonjwa wanaofurika hospitalini wakati wa mlipuko. Kwa hilo napendelea “kufurika” kwa watu na “kuongezeka kwa kasi” kwa takwimu. “Skyrocket” lilikuwa jina la fashifashi kabla ya kuwa kitenzi, na linabeba mshangao wa mwandishi pamoja na kasi yenyewe, hivyo mimi hulitafsiri kwa “kupanda kwa kasi ya kutisha” pale tu takwimu zinapostahili. Zisipostahili, naandika “kupanda sana” na kuiweka asilimia yenyewe katika sentensi hiyohiyo.