Vim: komenti hazionekani kwenye bakgraundi nyeusi, nikizirekebisha zinapotea kwenye nyeupe

fundi_seva: Wakuu habari za usiku. Nahariri mafaili ya seva kwa Vim (programu ya kuhariri maandishi), terminali (dirisha la kuandikia amri) nyeusi, sasa komenti, yale maelezo ya watu ndani ya faili ambayo kompyuta inayaruka, zinakuja na bluu iliyokoza mpaka nisogeze uso kwenye skrini ndo nasoma. Juzi mtu kaandika komenti juu ya mstari, "usiguse kabla ya bekapu", mi sikuiona kabisa nikabadilisha, huduma ikalala dakika 20. Nikaweka komenti njano, usiku safi kabisa, ila mchana nafanyia kazi barazani naweka terminali nyeupe na njano yote imepotea. Nifanyeje zisomeke kote kote?

dada_koda: Pole sana kaka. Terminali nyingine haziiambii Vim kwamba nyuma ni kweusi, kwa hiyo Vim inabahatisha, ikidhani ni nyeupe ndo unaletewa hiyo bluu. Andika `:set background=dark` uangalie. Hiyo amri yenyewe haipaki weusi wowote, unaijulisha tu Vim nyuma kukoje ili ichague rangi zinazofaa.

Kuhusu njano, rangi haisomeki yenyewe, inasomeka kwa kilicho nyuma yake. Bluu tupu juu ya nyeupe ina kontrasti (tofauti ya mwanga kati ya maandishi na nyuma yake) 8.59 kwa 1, juu ya nyeusi inashuka mpaka 2.44. Njano tupu juu ya nyeusi ni 19.56, juu ya nyeupe 1.07, yaani karibu hakuna kitu. Kiwango cha WCAG (miongozo ya kufanya tovuti zisomeke na watu wote) kwa maandishi ya kawaida ni angalau 4.5. Usitafute rangi moja ya kote, weka mbili.

fundi_seva: Asante dada, dark imekubali papo hapo. Ila nina mstari wangu wa `highlight Comment` (ule wa kupaka komenti rangi) kwenye .vimrc, faili la mipangilio ya Vim, nikibadili background unafutika.

dada_koda: Ndiyo, kwa sababu ukibadili background Vim inapakia upya skimu ya rangi (colorscheme) na ya kwako inafunikwa. Iweke hivi, na autocmd (amri inayojiendesha yenyewe skimu ikipakiwa) ikae JUU ya mstari wa colorscheme:

```
function! RangiZangu()
  if &background ==# 'dark'
    highlight Comment ctermfg=150
  else
    highlight Comment ctermfg=22
  endif
endfunction
autocmd ColorScheme * call RangiZangu()
set background=dark
colorscheme lunaperche
```

ctermfg ni rangi ya maandishi kwenye terminali: 150 ni kijani mpauko, 22 ni kijani kilichokoza. Lunaperche ni skimu inayokuja na Vim 9.1, ina sura zote mbili, nyeupe na nyeusi, na inapaka bakgraundi yenyewe, so terminali huhitaji kuigusa. Kama umewasha termguicolors (terminali kutumia rangi kamili) basi ctermfg haisomwi, tumia guifg.

mzee_wa_emacs: Mi naongezea tu, watu watakwambia weka skimu ya Solarized ya Ethan Schoonover, na ni kweli ameipanga vizuri sana, rangi zake 8 za msisitizo ni zilezile kwenye nyeupe na nyeusi. Lakini maandishi yake ya kawaida kwenye sura nyeupe hayafiki hiyo 4.5, ndani ya nyumba sawa, barazani na jua utakodoa macho. Upande wetu wa Emacs, programu nyingine ya kuhariri, kuanzia toleo la 28 kuna skimu za modus-operandi nyeupe na modus-vivendi nyeusi, zimelenga 7 kwa 1.

fundi_seva: Nimejaribu leo saa saba mchana, jua kali. Ile komenti ya bekapu nimeisoma nikiwa nimeegemea kiti. Mungu awabariki.