C istaafishwe, au tatizo ni sisi mafundi?

Mleta mada: Wadau, Februari 2024 Ikulu ya Marekani ilitoa ripoti ikiwahimiza watengeneza programu waachane na lugha za programu za C na C++, wahamie lugha zinazolinda zenyewe kumbukumbu ya kompyuta (pale programu inapohifadhi data zake), Rust ikiwemo. Naunga mkono, tena kwa yaliyonikuta. Kwenye programu yangu ya C nilitenga nafasi ya herufi 8 kwa jina la mteja, na salio likakaa jirani yake. Asha akapita, Juma akapita. Akaja Mwanakombo: herufi 10 na sifuri ya kufungia jina, jumla baiti 11 (kila herufi baiti moja). Amri ya strcpy, ile ya C ya kunakili maandishi, haiulizi kama nafasi inatosha. Baiti 3 zikamwagikia kwa jirani, salio la 1,500 likasomeka 28,514. Hizo ni "b" na "o" za mwisho wa jina, zimesomwa kama namba!

Mchangiaji wa 2: Mkuu, kinyozi akikukata sikio utaulaumu wembe? Ungepima urefu kwanza. Dennis Ritchie aliiunda C pale Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, mashine zikiwa ndogo. Kukagua kila kitu kungezilemaza.

Mchangiaji wa 3: Hapo umeteleza. Miaka ya 1960 mwanzoni, mtaalamu Tony Hoare na wenzake Uingereza waliiwekea kompyuta ya Elliott 803 kikusanyi (compiler) cha lugha ya ALGOL 60 kilichohakikisha mipaka ya safu (array, orodha ya data) inakaguliwa kila mara programu inapokimbia. Na mashine ile ilikuwa dhaifu kuliko PDP-11, kompyuta aliyotumia Ritchie. Baadaye wateja wakaulizwa kama wangependa ukaguzi uzimwe ili kasi iongezeke. Wote walikataa. Kwa hiyo C ilichagua, haikulazimishwa.

Mchangiaji wa 4: Sawa, nani atalipia kuandika upya? Lugha ya COBOL ilianza 1959 kama suluhisho la muda, na mabenki bado yanaitumia.

Mleta mada: Hakuna aliyesema tufute ya zamani. Android, mfumo wa simu wa Google, walianza kuandika sehemu mpya kwa Rust na lugha nyingine salama, msimbo wa zamani wakauacha ulipo. Mianya ya usalama itokanayo na makosa ya kumbukumbu ilikuwa asilimia 76 ya mianya yote ya Android mwaka 2019. 2024 ikashuka hadi 24. Mimi hilo linanitosha.

Mchangiaji wa 2: Na huyo Mwanakombo alilalamika?

Mleta mada: Alikaa kimya kabisa. Aliyepiga simu ni mhasibu.